Njia ya Kwenda Kwato Tatu

Acha gari darajani, pale ukuta ulipobomoka
na halmashauri haijaujenga tangu mafuriko.
Usifuate kibao. Upepo ulikigeuza zamani,
kinaelekeza kinamasini, na kinamasi cha Devon
hakirudishi kiatu.

Shika Njia ya Majeneza. Ndilo jina lake, usiogope.
Kanisa la Harrowcombe lilikuwa upande huu wa nyika
na watu walifia upande wa pili:
maili kumi na mbili za mboji na nyasi kali,
wanaume wanane wakipokezana mabega,
maiti akipanda vilima alivyovichukia akiwa hai.

Utaona farasi wadogo, manyoya yao kama zulia lililonyeshewa.
Usiwape mkate.
Agosti nyika huvaa zambarau majuma matatu,
kisha hurudia rangi yake ya chai iliyopoa.
Jiwe lililosimama peke yake si mtu.
Ukungu ukishuka, litakuwa mtu.
Lisalimie, pita kushoto.

Ukisikia mbwa akibweka mara mbili, umefika.
Inama. Mlango wa Kwato Tatu ulichongewa watu wafupi;
warefu hufunzwa adabu kwenye paji la uso.
Wanywaji watakwambia baa ina miaka mia nne.
Thirza anasema mia tatu na themanini,
na hukumu ya Thirza haina rufaa.
Agiza bia ya kahawia, isiyo povu wala barafu,
inayokaa kinywani kama neno ambalo hukutaka kulisema.
Pai ya sungura ni Jumatano tu.

Ndipo utakapoiona meza.
Ndefu mno, nyembamba mno,
si ya kulia, si ya kamari.
Hapa wabebaji walitua mzigo, wakanywa wima,
na marehemu naye akanunuliwa kikombe
kilichonywewa na mdogo wao.
Wageni wakisikia hayo huinua glasi upesi,
kama waliokanyaga mkeka wa watu na viatu.
Thirza huzirudisha, moja moja.
"Waliolala hapa hawajawahi kulalamika."

Lililobaki hasemi. Nitasema mimi, nilikuwepo,
nina miaka tisa, mwaka wa theluji kubwa.
Gari la maiti lilikwama darajani,
pale pale ulipoacha lako,
wakamleta baba, Ambrose Hannaford,
juu ya gari la nyasi lisilo magurudumu.
Siku nne alilala mezani, kando ya dirisha lenye baridi zaidi.
Baa haikufungwa. Ingefungwaje?
Tulikuwa kumi na watatu, hatuna pa kwenda.
Wacheza dhumna walihamia kona,
wakaziweka kete kama wanaoweka mayai.
Mama alikuwa ameshamfumia soksi moja.
Akaimaliza ya pili.

Usiku wa tatu mzee Jory Northmore, glasi mkononi,
alisahau: "Ambrose, sogea kidogo."
Kimya.
Kisha Mama akacheka. Kilianza kama kikohozi,
kikatupitia sote, hata mbwa akaamka.

Juu ya kaunta kuna kibao cha madeni.
Kila Krismasi mistari yote hufutwa ila mmoja:
A. Hannaford, painti mbili.
Kila mwaka naweka sarafu,
kila mwaka Thirza huzisukuma zirudi kwangu.
"Deni lina mwenyewe," husema, akiendelea kupangusa.

Basi kaa mezani. Weka glasi katikati.
Viatu vitakauka kwa saa moja na nusu,
na uondoke kabla ya saa kumi; jua la huku halina subira.
Lakini ukifika darajani ukakuta theluji imeanza,
usiwashe gari. Rudi.
Usipige hodi, hatutasikia.
Kitasa ni kibovu:
sukuma kwa bega.