Kokoto Iliyofumba Mdomo

Siku ya kuzibua mfereji wa Mabogini, kila kaya jembe moja,
Senzia alimwaga koleo la tope ukingoni,
kitu kikabiringika, tukadhani kokoto.
Kokoto ikafumba mdomo.

Shangazi Nakijwa akaitia kwenye pindo la khanga.
Faini ya kuchelewa, elfu tano, alishalipa;
hakuna wa kumuuliza.

Nyumbani akampa beseni, tope viganja vitatu,
maji yenye rangi ya chai iliyosahaulika jikoni.
"Mgeni hali akikodolewa macho," akasema,
akazima taa.

Saa nane usiku akaniamsha, tochi ya simu mkononi.
Kome, mdogo kama ukucha wa gumba,
alikuwa ametoa mguu.
Mguu ndio mkono, mguu ndio kijiko:
unapapasa tope, unarudi ndani na kilichonata.

Na huko ndani, kusikofika tochi,
kuna malaika, laini kuliko malaika wa mkononi mwako,
wanapiga makasia pamoja, wanapitisha chembe mojamoja:
jivu la mlima,
jani la mgomba lililoozea Kibosho likashuka na mto,
kutu ya bati, vumbi la pumba, dawa ya viwavi.
Midomo inapima. Hii ipite. Hii hapana.
Isiyotakiwa haitupwi kwa hasira,
inaviringishwa kwenye ute, inawekwa nje ya mlango.

Wanasema mchagua nazi hupata koroma.
Kome hajasikia.

Shangazi huchambua mchele kwenye mashine ya kukoboa,
gunia kwa gunia, kidole cha shahada kimekuwa na sugu.
Lakini kuna neno,
mawifi zake walilisema sebuleni mwaka wa mafuriko,
mbele ya chai, mbele yangu, nina miaka saba.
Neno lile alilimeza zima.
Nimemwona akilimeza tena harusini, tena kwenye ubatizo wa mtoto wa Senzia.

Asubuhi maji yalikuwa meupe, nikaona ua la chini ya beseni.
Pembeni mwa kome, kidonge cha tope, kidogo, kimefungwa vizuri.
Shangazi akakitazama mpaka chai ikapoa.

Alimrudisha mfereji wa pili, penye kina.
Jioni, ungo mapajani, bila kuniangalia,
akalitamka.
"Tasa."
Akaliacha pale ukingoni mwa ungo,
pamoja na chuya.

Kuku wakaja.
Chuya wakala.