Kuitika

Saa nane za usiku, maabara ya Gumi.
Kahawa ya mashine imefanya utando,
mstari wa kijani watetemeka kwenye skrini ya vipimo.
Safu mia saba sitini na nane
zasubiri kuitwa, moja moja, juu hadi chini,
nami ni karani mwenye rejista ndefu na haraka:
kila safu mikrosekunde moja na nusu,
hodi ya volti sabini.
Kijumba kinachowahi, huwaka.
Kinachochelewa, nimeshapita;
usoni mwa mtangazaji hubaki tundu jeusi,
dogo mfano wa ufuta.

Bwana Tak wa kitengo chetu hana maneno mengi:
"Ongeza volti."
Kweli, ukipiga kelele hata zenoni nzito huamka.
Ila kelele ina bei yake:
saketi ghali, kioo chenye homa,
na jirani asiyeitwa
naye huitika.

Baba alifuma nailoni miaka thelathini
ng'ambo ya mto Nakdong.
Vitambaa viliondoka na masikio yake.
Jumapili nafika na supu ya mwani.
"Baba."
Kimya.
"BABA!"
Ananitazama kwa hofu, kana kwamba nimemgombeza.
Mhudumu wake, Bi. Bong-ye, hapandishi sauti.
Hugusa kwanza kifundo cha mkono,
kidogo tu,
hungoja jicho ligeuke,
ndipo humwita, kama unavyomwita mtu aliye karibu.
Naye papo hapo: "Ee?"

Jumatatu nikanyunyiza juu ya oksidi
unga wa fuwele za magnesi, mwepesi kuliko poda ya mtoto,
ili elektroni chache zikeshe mlangoni,
zisilale fofofo kabla ya hodi.
Kisha nikashusha.
Sabini. Sitini. Hamsini na tano.
Mikrosekunde moja, basi.
Nikatafuta matundu usoni mwa mtangazaji:
hakuna.
Nikarudia.
Moja, kwenye ndewe ya sikio.
Nikacheka peke yangu.

Bwana Tak alisaini ripoti akiwa wima.
Ghorofa ya chini wanafungasha mitambo;
televisheni za kioo kioevu zimelichukua soko,
laini yetu inazimwa mwezi wa kumi.
Haya.
Jumapili nitapeleka supu.
Nitaiweka mezani bila neno,
mkono wangu utangulie.