Kikuku

Kikuku nilikijua cha bi harusi:
fedha, njuga mbili, mguu wenye hina
ukionyeshwa kidogo tu, kwa makusudi.
Hiki cheusi, cha mpira, kinataka umeme saa mbili kila siku,
na mvaaji ni Shaame Kombo wa Mchangamdogo:
magunia manane ya karafuu za magendo,
miezi tisa, hatua arubaini kutoka mlangoni.

Mimi nipo Wete, chumba cha nyuma,
feni inalalamika, chai ya tangawizi imepoa.
Shaame kwangu ni nukta ya kijani.
Nukta haikohoi. Nukta haina mama.
Lakini kwa miezi mitano nimemlea kwa macho:
alfajiri hufika ukingoni mwa duara, akasimama
(msikiti uko hatua sitini)
akarudi kuswali barazani.
Betri ikishuka nampigia.
"Shaame, chomeka."
"Umeme hakuna, bibi."
"Basi nenda kwa jira..."
Tunanyamaza wote wawili.

Juzi, zamu ya mchana, vuli,
mvua ikapiga bati letu kwanza.
Nikahesabu: dakika sita, itafika kwao.
Ya saba, nukta ikawa nyekundu.
Hatua arubaini na tano. Sabini. King'ora.
Ikarudi. Ikaenda tena. Ikarudi.
Mtoro hatoroki hivi,
mara nane uani kwa Bi Time Faki, mjane,
ambaye majamvi yake sijawahi kuyaona
na nilikuwa nayaona.

Fomu ina visanduku vinne:
maradhi, msiba, hitilafu, kutoroka.
Nikaandika pembeni, kwa kalamu: Anaanua.

Mkuu akasogeza miwani.
"Anaua? Anamuua nani?"
"Haui mtu, bwana. Anaanua."
Akaitazama karatasi muda mrefu,
kama mtu anayejaribu kukumbuka harufu,
kisha akaiweka chini ya nyingine.
Imo humo hadi leo.

Hatua thelathini na tisa. Kijani.
Aliyefungwa kwa karafuu
amelowa kwa karafuu zisizo zake.

Saa kumi nikabonyeza kidole mlangoni,
mashine ikanijua, ikaniruhusu kutoka.
Nyumbani kanga zangu zote kambani,
zinachuruzika.
Hapakuwa na mtu wa kuzianua.