Mshale wa Nusu

Mimi kazi yangu ni kusoma mita za maji.
Ng'ambo, Kanyenye, Isevya, hadi Ipuli,
nafunua vifuniko vya zege kwa ncha ya bisibisi,
namfukuza mjusi, nafuta mchanga kwa kiganja,
naandika namba.
Na kila mwezi, kwa Bi Nyanzala wa Isevya,
maneno ni yale yale:
"Mita yenu inadanganya, binti."
Nami nilikuwa na jibu, nimelivaa kama sare:
"Mama, chuma hakina sababu ya kusema uongo."

Basi sikia.

Skuta yangu, ile ya kijani iliyochujuka,
mshale wake wa mafuta ulisimama nusu
tangu msimu wa tumbaku wa mwaka juzi.
Nikijaza, nusu.
Nikikaukiwa, nusu.
Nikazoea kuitikisa kabla ya safari,
naiinamisha kulia, naiinamisha kushoto,
nategea tangi sikio kama mkunga ategeavyo tumbo:
chwa, chwa. Bado yamo.
Siku ile upepo wa Agosti ulijaa masikioni,
sikusikia kitu, nikaondoka.
Ikakohoa mara mbili, ikanyamaza.
Wapi? Mlangoni kwa Bi Nyanzala,
saa saba mchana, jua limekaa utosini kama deni.

Hakucheka. Afadhali angecheka.
Akaleta kigoda, akaleta maji kwenye kikombe cha bati,
akamwita mjukuu wake Kapela,
yule anayefufua redio na kuchaji simu za watu dirishani.
"Mama Siwema," Kapela akapaza sauti kwa muuza mahindi,
"sogeza jiko lako kule, hapa tunafungua petroli!"

Kiti juu. Skurubu tano, moja imeliwa kichwa.
Akachomoa kidude kinachonuka hadi machozi:
mkono mwembamba wa waya, na mwishoni boya
dogo kama korosho.
"Hili huelea. Mafuta yakipanda, nalo linapanda,
mkono unasukuma kilimi hiki cha shaba,
kilimi kinateleza juu ya waya huu uliosokotwa,
ndipo mshale kule juu unapoambiwa habari."
Akalitikisa boya sikioni mwangu. Halijanywa mafuta.
"Boya zima. Mshale mzima. Mgonjwa ni mjumbe."
Kweli, kilimi kilikuwa kimenasa katikati ya njia
kwenye kutu ya kijani, kinarudia neno moja
miaka miwili, nami nikiliamini.
"Mjumbe hauawi," Kapela akasema. "Husuguliwa.
Una ufutio?"

Ninao. Ule wa kazini,
ninaofutia namba nilizokosea.
Akausugua ule waya polepole, msokoto kwa msokoto,
akakibana kilimi kidogo kwa koleo,
akashika mita yake ya umeme, akanitazama.
"Haya, wewe ndiye msomaji. Soma."
Nikasoma. Tisini. Sabini na moja. Arobaini.
Kumi na mbili.
Namba zikaja kama watoto watokao madrasa
siku mwalimu yupo mlangoni.

Tukarudisha kila kitu, gasketi tukaipaka sabuni,
tukamimina lita moja ya dukani kwa Mihambo,
ile ya kwenye chupa ya maji.
Nikawasha swichi.
Mshale ukatetemeka pale kwenye nusu yake ya siku zote,
kisha ukaanza kushuka,
ukashuka,
ukaja kukaa juu kidogo ya wekundu.
Nilikuwa na nusu ya uongo.
Sasa nina kweli nyembamba kama ukucha.
Sijui kwa nini niliona kama nimeibiwa.

"Kiasi gani, Kapela?"
Kapela akamtazama bibi yake.
Bibi hakusema neno, alinyoosha kidole tu,
kule uani, kwenye kifuniko cha zege.

Nikayafunga mabomba yote kwa mkono wangu,
la jikoni, la uani, hata la msalani.
Nikapiga magoti. Mjusi yule yule.
Nikafuta kioo.
Kile kigurudumu chekundu kilikuwa kinazunguka,
taratibu,
kama mtu asiye na wasiwasi wa kukamatwa.

Nikabaki pale chini,
ufutio mkononi, umeshakuwa mweusi.