Mshono

Nimepita nacho Kibokoni, kwapani,
kitabu chenye harufu ya kabati na mende,
nikienda kwa Twaha Mwidani, mshona makubadhi,
ambaye zamani, kwa mkono huu huu unaovuta uzi,
alikuwa akilipwa kurusha mpira.

Alilipwa, nasema.
Wanawe wenyewe hawaamini.
Kriketi? Mshahara? Baba yetu huyu?
Mimi ndiye niliyekuwa na penseli.
Kila mpira wake, nukta. Kila ova, nukta sita.
Mwamuzi alihesabu kwa kokwa sita za tende
akizihamisha mfuko huu hadi ule,
nami nikimhesabu yeye na kokwa zake.

Alianza na ndimu, Kuze, ukutani kwa shangazi,
mpaka chokaa ikafanya kidonda cha kijani.
Twaha! Hizo ni za achari!
Kisha mpira wenyewe, mwekundu,
wenye mshono kiunoni.
Aliushika kwa vidole viwili
kama ashikavyo tonge la moto mtu mwenye haya.
Hatua kumi na saba; hizo pia nilizihesabu.
Ya kumi na nane haikuwa hatua, ilikuwa bega,
na kule mbele kijiti kimelala chali.
Majengo wakamwita Sindano,
kwa kuwa alipita pasipo na tundu.

Nairobi wakamchukua, misimu minne.
Halafu ng'ambo, mmoja tu.
Aliniandikia barua mbili.
Ya kwanza: Hapa mpira ukilowa hautii.
Ya pili: Bega linalia usiku. Usimwambie mama.
Akarudi. Akakandwa kwa mafuta ya nyonyo,
akachomwa, akafungwa, akafunguliwa,
akarusha mwaka mmoja zaidi kwa ukaidi,
akikimbia zile zile kumi na saba
kupeleka mpira ambao mtoto angeudaka kwa kofia.

Nikafunga hesabu:
wiketi mia mbili tisini na tisa.
Mia mbili na tasbihi moja, walisema barazani,
wakaona imetimia.

Haikutimia.
Jumamosi ile, tulipocheza na mabaharia,
nilikuwa na sambusa mkono wa kushoto,
pilipili ikaniingia jichoni.
Nikasikia kijiti. Nikasikia watu.
Nikaandika kwa jicho moja: Anverali.
Na Anverali alikuwa kule mpakani,
amechuchumaa, anafunga kamba ya kiatu.
Nilipogundua, karatasi ilishatiwa sahihi.
Ilikuwa wiketi yake ya tano siku hiyo.
Alikwenda nayo kwa wakubwa wa klabu,
wakampa mkataba.

Miaka thelathini na mmoja.

Namkuta ameuma uzi. Nafungua ukurasa. Namwambia.
Hainui kichwa mpaka amalize tundu.
"Nalijua," asema. "Siku ile ile."
"Mbona hukusema?"
"Nalidhani umefanya kusudi.
Anverali mamake yuko kitandani, kazi hana,
na wewe hukuwa mtu wa kukosea.
Nikasema, huyu bwana penseli ana moyo kunishinda.
Wadhani kwa nini nakuuzia bei ya ndugu?"

Pilipili, nataka kusema. Ilikuwa pilipili, Twaha.
Nje mkokoteni wa maji unapita, mitungi inagongana,
nangoja upite.
Umepita.

Anauvuta mguu wangu, anaupakata,
vidole viwili juu ya mshipa, vile vile,
kama atafutaye upande utakaopinda.
"Umevimba," asema. "Nitauongezea ukanda."
Kitabu kiko wazi pembeni, kwenye vumbi la ngozi.
Penseli ninayo mfukoni.
Nimeichonga asubuhi.