Fremu ya Mia Tisa na Kumi na Mbili

Ghorofa ya pili Makupa, juu ya duka la magodoro,
tulianza na kompyuta tatu na feni ya kuazima.
Badi alichonga mdomo wa kunguru wetu, Kidomo;
mimi nilipewa macho. Wiki nzima
nikimfundisha kupepesa.

Umeme ukikatika saa nane za usiku
tulitukana kwa kunong'ona, mlinzi asiamke,
tukaanza upya: fremu moja, saa nne.

Wakaja wageni na mkataba.
Tukawa arubaini. Viti vya kuzunguka, kiyoyozi,
mashine ya kahawa ambayo Mwanamkuu wa mapokezi
hakuigusa; akaja na birika lake.

Hatukuambiwa mteja ameghairi. Tuliambiwa subirini.
Mshahara ukawa nusu, nusu ikawa ahadi,
ahadi ikawa simu ya Badi inalia tu.

Dalali alibandika nambari kwenye kila skrini,
na kwenye birika pia.
Mashine zikaenda kwa jamaa wa kamari, Kongowea.

Nilificha diski moja. Jana nimeifungua:
Kidomo ukingoni mwa paa la mabati,
ubawa mmoja umeinuka.
Fremu ya kumi na tatu hatukuiwahi.
Ananitazama.
Nasubiri apepese.