Dakika Nne

Mchana nachonga meno ya watu wengine.
Panevėžys, ghorofa ya pili, juu ya duka la viatu:
nta, plasta, kimashine kinacholia
kama nyuki aliyefungiwa chupani.
Usiku nalinda uyoga.

Si uyoga wenyewe. Wenyewe uko msituni
chini ya misonobari, haunihitaji.
Nalinda maneno yanayosemwa juu yake:
watu elfu kumi na moja na ushei,
kila mmoja na kikapu, na simu, na uhakika wake.

Hakuna aliyeniajiri.
Jovita, mwanzilishi wa kundi, alipata mtoto wa pili
akaniachia funguo kama mtu anayekuachia paka:
"Wiki mbili tu, Rimgaudas."
Huu ni mwaka wa sita.

Funguo zenyewe ni tatu.
Kufuta. Kunyamazisha. Kufukuza.
Wa nne, wa kuingia jikoni mwa mtu
na kuepua kikaango,
haukuchongwa.

Mwalimu mmoja mstaafu wa Utena
huniandikia kila nikimfutia mzaha:
"Sisi tuliozaliwa enzi za barua kufunguliwa njiani
twaijua harufu ya mkasi."
Nami nilizaliwa enzi hizo.
Sijamjibu. Nusu ya neno lake ni kweli,
na ndiyo nusu inayoniwasha.

Jumamosi ya Septemba, baada ya mvua,
saa nne na dakika kumi na mbili usiku,
mgeni kwa jina Danguolė aliweka picha:
uyoga sita juu ya gazeti,
kofia za rangi ya zeituni iliyopauka,
shina lina pete, na chini, kwenye kisigino,
kile kifuko cheupe
ambacho humfanya anayekijua avute kiti akae.
"Unafaa kukaangwa na krimu?"

Mtu asiye na sura, ajiitaye Kikapu Kikuukuu, akajibu:
"Kula tu mama. Mtamu kuliko kuku."

Nilikuwa naosha vyombo.
Niliona baada ya dakika nne.

Nilifuta. Nilifukuza. Niliandika USILE
kwa herufi ambazo siku zote nawakataza wengine.
Maji yakimwagika hayazoleki;
mimi niliyazoa yote, skrini ikabaki kavu,
lakini jicho lilikwisha kuyanywa.

Nilimtumia ujumbe mmoja. Mitatu. Saba.
Nilipiga simu ya dharura ya sumu.
"Jina kamili?" Danguolė.
"La ukoo?" Sijui.
"Anwani?" Nina picha ya gazeti,
linaonekana tangazo la matairi.
Muuguzi alinyamaza kidogo, kisha, kwa upole:
"Basi endelea kuandika."

Nikaendelea. Siagi iliyeyuka kichwani mwangu
usiku kucha, katika nyumba nisiyoijua.

Saa moja na dakika arobaini asubuhi:
"Nililala mapema. Niliutupa jana ileile,
ulikuwa na funza.
Mbona unapiga makelele?"
Kisha akaondoka kundini.

Funza, basi.
Nilikaa na kikombe changu nikacheka peke yangu,
si kicheko cha kupendeza.
Shukrani ya punda ninaijua, wala sikuja kutafuta nyingine;
ila ningependa kujua, angalau mara moja,
kama kuna mtu yuko hai kwa sababu yangu.
Hilo halionekani popote.
Nikifanya vizuri, panabaki nafasi tupu
na watu wanauliza ni nani aliyefuta, na kwa nini.

Jumatatu niko kazini.
Jino la mama mmoja, la mbele, juu kushoto;
rangi imekataa kufanana na jirani zake.
Simu imelala kifudifudi karibu na plasta.
Naigeuza.
Picha arobaini na moja zinasubiri.
Ya kwanza imepigwa gizani,
kidole kimefunika nusu yake.
"Huu unaliwa?"